Kenya wanatuzidi karibu kila kitu, mbona wananunua mahindi yetu? Jibu kwa mwanafunzi wa biashara ya kimataifa

*"Mwalimu, shikamoo. Nipo mwaka wa pili, shahada ya uchumi, hapa Moshi. Semista hii tuna kozi ya biashara ya kimataifa, upande wa maikro. Maikro ya mwaka wa kwanza nilipata B, lakini jaribio la kwanza la kozi hii nimeambulia 11 kati ya 30. Madesa nimeyasoma yote: Ricardo, Heckscher na Ohlin, ushuru, hata vichoro nimevikariri. Swali likigeuzwa kidogo tu napotea. Kubwa linalonichanganya ni hili: kama Wakenya wanatuzidi ufanisi karibu kwenye kila kitu, inakuwaje malori yao yanafuata mahindi huku kwetu? Mwenzangu ananiambia shida yangu ni kalkulasi, nikarudie hesabu kwanza. Jaribio lile lina uzito wa alama 15 kati ya 40 za kosiweki. Nifute kozi, nirudie hesabu, au kuna namna nyingine ya kulisoma somo hili?"*

Marahaba. Umeuliza mambo mawili kwa pamoja, nami nitaanza na la mahindi, kwa sababu ukilielewa hilo mpaka mwisho, nusu ya kozi itakuwa imekaa sawa. La kufuta kozi tutalifikia. Kwa alama ulizonitajia, hujafika huko.

Kwanza nimtoe kalkulasi njiani. Kozi hii kwa ngazi ya shahada ya kwanza inakudai ujue kutafuta mteremko wa mkunjo, kutatua milinganyo miwili yenye vitu viwili visivyojulikana, na kupata eneo la pembetatu na la trapeza. Aliyepata B ya maikro ameshapita hapo. Kinachokuangusha ni kwamba unafikiri kwa shilingi mahali ambapo somo linafikiri kwa uwiano. Mwaka wa kwanza ulisoma soko moja moja: bei ya sukari inapanda, mengine yote yanabaki yalivyo. Huku mengine hayabaki yalivyo. Nchi ikiongeza mahindi, mikono iliyolima imetoka kwenye kazi nyingine, na kile ambacho mikono hiyo ingezalisha ndiyo gharama halisi ya mahindi hayo, inayoitwa gharama ya fursa. Bei inayohusika ni bei ya kitu kimoja ikipimwa kwa kitu kingine.

Mfano wa David Ricardo wa mwaka 1817 ulikuwa hivi: Uingereza ilihitaji kazi ya watu 100 kwa mwaka kutengeneza kiasi fulani cha nguo na watu 120 kwa kiasi fulani cha mvinyo. Ureno ilihitaji watu 90 kwa nguo zilezile na 80 kwa mvinyo uleule. Ureno imeshinda kote kuwili, na bado inalipa Ureno kukazana na mvinyo na kununua nguo za Waingereza. Wanafunzi wengi wanakariri namba hizi nne bila kuzigusa. Tuchukue zetu, na uziandike kwenye daftari unaposoma. Ni namba za darasani, usizinukuu popote kama takwimu.

Huku kwetu gunia la mahindi linakula saa 12 za kazi, katoni ya sabuni saa 6. Kenya gunia saa 10, katoni saa 2. Kenya inatuzidi kwenye vyote viwili. Hiyo inaitwa faida kamili, na haiamui nani auze nini. Sasa uliza: gunia moja linamnyima mzalishaji katoni ngapi? Huku, saa 12 zilizokwenda kwenye gunia zingetoa katoni 2. Kenya, saa 10 zingetoa katoni 5. Mahindi ni rahisi kwetu, kwa kipimo cha sabuni. Hapo ndipo faida linganishi inapokaa. Bei yoyote kati ya katoni 2 na 5 kwa gunia inawafaa wote. Weka 3. Sisi tukitumia saa 12 kulima, tunapata katoni 3 badala ya 2. Mkenya akitumia saa 10 kwenye sabuni anapata katoni 5, analipa 3 kwa gunia, zinambakia 2 mkononi ambazo asingekuwa nazo kama angelima mwenyewe.

Mpaka hapa pengine ulikuwa unajua. Kinachorukwa na madesa mengi ni hatua inayofuata, na ndiyo inayojibu swali lako: mnunuzi pale Namanga hatembei na gharama ya fursa mfukoni, anatembea na pesa. Inakuwaje uwiano huu uonekane kwenye bei?

Unaonekana kupitia mishahara. Tuseme saa moja ya kazi Kenya inalipwa shilingi 4,000 za kwetu, na huku 2,000. Gunia la huku ni saa 12 mara 2,000, yaani 24,000. La Kenya ni saa 10 mara 4,000, yaani 40,000. Katoni ya huku inakuja 12,000, ya Kenya 8,000. Basi. Mfanyabiashara anaona gunia la 24,000 na la 40,000, anapakia la 24,000, na aliyeleta sabuni anauza ya 8,000 mbele ya ile ya 12,000. Gawanya 24,000 kwa 8,000: unapata 3, ule uwiano tuliouweka kwa mkono.

Sasa chezea mshahara uone mipaka. Ukiupandisha wa huku uwe 4,000 sawa na Kenya, gunia letu linafika 48,000 na katoni 24,000. Hatuuzi chochote. Ukiushusha hadi 1,000, gunia ni 12,000 na katoni 6,000, na sasa Kenya ndiyo haiuzi chochote. Hali zote mbili haziwezi kudumu, kwani nchi isiyouza kitu haina cha kulipia inachonunua, na mishahara au thamani ya shilingi italazimika kusogea. Kwa namba zetu, mshahara wa huku lazima ukae kati ya theluthi moja ya ule wa Kenya (2 kwa 6, kwenye sabuni) na tano kwa sita yake (10 kwa 12, kwenye mahindi). Ufanisi mdogo haukufungii soko. Unakushushia mshahara, na kwa mshahara huo kuna kitu utauza tu. Ukitaka mshahara upande bila kupoteza soko, punguza zile saa 12.

Ukishika hilo, kelele za pande zote mbili za mpaka utazisikia tofauti. Huku watu wanasema hatuwezi kushindana nao kwa kuwa wana viwanda, kule wanasema hawawezi kushindana nasi kwa kuwa vibarua wetu ni rahisi. Timu mbili haziwezi zote kufungwa kwenye mechi moja.

Kuna mitego miwili hapa, na naamini mmojawapo ndio uliokula alama zako.

Wa kwanza ni jedwali kugeuzwa. Badala ya kukupa saa kwa kila gunia, mtahini anakupa mazao kwa muda: katika saa 60, huku magunia 5 au katoni 10, Kenya magunia 6 au katoni 30. Ni namba zilezile zimevaa nguo nyingine, lakini sasa unagawanya kwa upande wa pili: 10 kwa 5 inatoa 2, 30 kwa 6 inatoa 5. Aliyekariri kuwa "unachukua cha mahindi ugawe kwa cha sabuni" atapata nusu na moja kwa tano, ataandika kwamba Kenya ndiyo yenye faida kwenye mahindi, na jibu lote litakwenda kinyume. Kabla hujagawanya chochote, andika kipimo pembeni ya kila namba: "saa kwa gunia", au "magunia kwa saa 60". Inachukua nusu dakika.

Wa pili ni kudhani kuna nchi isiyo na faida linganishi kwa lolote. Ni suala la kulinganisha, kwa hiyo ukiikosa kwenye kimoja unayo kwenye kingine. Haipo tu pale uwiano unapolingana. Kama Kenya ingetumia saa 4 kwa gunia na 2 kwa katoni, ingetuzidi mara tatu kote, gunia lingekuwa katoni 2 kama kwetu, na kusingekuwa na sababu ya biashara. Mtahini anayependa kuona nani ameelewa huweka swali la namna hii.

Ongeza nauli. Kwenye mfano wetu wa 24,000 dhidi ya 40,000, ikiwa kusafirisha gunia hadi soko la Kenya pamoja na vibali na kusimama mpakani kunafika 18,000, gunia linatua kwa 42,000 na biashara imekufa, ingawa faida linganishi iko palepale. Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu, kisha ikafungua baada ya siku chache kwa masharti ya vyeti. Kwenye modeli, cheti hicho ni nyongeza ya gharama kwa kila gunia, na unaweza kukipima kama nauli. Ila tusidanganyane: mahindi halisi yana ukame, ardhi na msimu ndani yake, na vitunguu vya Mang'ola vina maji ya kumwagilia. Modeli yenye kazi peke yake haioni hayo. Ndiyo maana wiki ya tano au ya sita mnahamia kwa Heckscher na Ohlin, wanaoanzia kwenye wingi wa ardhi na kazi wa kila nchi.

Kabla ya kuhamia, kile kichoro. Umesema umekikariri. Jaribu kukichora upya kwa mpangilio huu, kwenye karatasi ya miraba. Chora mpaka wa uwezekano wa uzalishaji, yaani mstari wa kiasi cha juu ambacho nchi inaweza kuzalisha, mahindi kwenye mhimili wa chini, sabuni wa juu. Kisha chora mstari wa bei ya dunia ukiugusa mpaka huo mahali pamoja tu: hapo ndipo nchi inazalisha. Mteremko wa mstari ni bei ya kilichoko chini gawanya kwa bei ya kilichoko juu, na wengi huugeuza. Mstari huohuo ndio bajeti ya nchi, kwa hiyo huruhusiwi kuchora mwingine. Utafute mahali unapougusa mkunjo wa ridhaa sawa (michanganyiko inayowaridhisha walaji sawasawa) wa juu kabisa: hapo ndipo nchi inakula. Kati ya pointi hizo mbili kuna pembetatu: upande wa chini ni mahindi yanayotoka, upande wa wima ni sabuni inayoingia. Kosa ninaloliona zaidi ni mstari wa bei unaoanzia kwenye kona ya mhimili kana kwamba nchi imeacha sabuni kabisa. Hiyo ni sahihi kwa Ricardo, ambaye mpaka wake umenyooka. Mpaka ukiwa na tumbo, nchi huendelea kuzalisha kidogo cha vyote viwili.

Sasa swali la nani ananufaika ndani ya nchi. Tuchukue kahawa, iko mlangoni kwenu na mnada wake unafanyika Moshi. Kahawa inachumwa kwa mkono, kwa hiyo inakula vibarua kuliko mahindi kwa kila kipande cha ardhi. Tuseme kizio cha kahawa kinahitaji kazi 4 na ardhi 2, cha mahindi kazi 1 na ardhi 2. Ushindani ukimaliza faida ya ziada, bei inalingana na gharama. Kahawa ikiwa 10 na mahindi 4, ukiita ujira *w* na kodi ya ardhi, yaani malipo anayopata mwenye ardhi, *r*:

4w + 2r = 10
w + 2r = 4

Toa wa pili kwenye wa kwanza: 3w = 6, ujira ni 2, kodi ya ardhi ni 1. Pandisha kahawa kwa asilimia 10 hadi 11 na uache mahindi palepale. Sasa 3w = 7, ujira unafika 2.33, kodi inashuka hadi 0.83. Bei imepanda kwa asilimia 10, ujira umepanda kwa karibu 17, na mwenye ardhi amepoteza karibu 17. Hiyo ndiyo nadharia ya Stolper na Samuelson ya mwaka 1941, imefanyika kwa kutoa na kugawanya. Kibarua amenufaika hata kama angenunua kahawa tupu, maana ujira umeongezeka kuliko bei yoyote. Mwenye ardhi ameumia hata kama anakula mahindi tupu. Wengi huandika tu "ujira unapanda" na kupoteza alama, kwa sababu kiini cha nadharia ni kwamba unapanda *kuliko* bei.

Hapo utaniuliza, na ni haki yako: mwenye shamba la kahawa Kibosho anaumiaje kahawa ikipanda bei? Haumii, si mwaka huo. Mfano wa juu unadhani ardhi inahama kutoka mahindi kwenda kahawa bila kikwazo. Mkahawa uliopandwa leo unachukua takriban miaka mitatu kuanza kuzaa, na shamba la tambarare halipandi mlimani. Kwa muda mfupi unatumia modeli ya vitu visivyohama, ambamo ardhi ya kahawa ni ya kahawa na ya mahindi ni ya mahindi, na kazi tu ndiyo inayohama. Kahawa ikipanda, mwenye ardhi ya kahawa anapata kuliko ongezeko la bei, mwenye ardhi ya mahindi anapoteza, na kibarua yuko katikati: ujira wake unapanda, ila kwa kiasi kidogo kuliko kahawa. Akiwa anakula ugali zaidi ya kunywa kahawa, kanufaika. Modeli mbili, tukio moja, majibu yanayopingana kuhusu mtu yuleyule, na tofauti ni muda uliopewa. Swali la mtihani likisema "katika muda mfupi" au "ardhi haiwezi kubadilishwa matumizi", limeshakuambia utumie ipi. Pigia mstari maneno hayo kabla hujachora.

Sitakaa sana kwa modeli za baadaye. Mwaka 1953 Leontief alipima biashara ya Marekani na kukuta inauza nje vitu vinavyotumia mtaji kidogo kuliko vile inavyoagiza, kinyume cha utabiri wa Heckscher na Ohlin. Mwaka 1979 Krugman alieleza kwa nini nchi zinazofanana zinauziana vitu vinavyofanana, na mwaka 2003 Melitz akaeleza kwa nini ni kampuni chache, zile zenye ufanisi mkubwa, zinazouza nje. Katika kozi yenu mara nyingi zinaulizwa kwa maelezo. Ushuru ndio unaoulizwa kwa namba, na ni alama za kuokota.

Chukua mahitaji 120 – 2P na ugavi 2P, bei (P) ikiwa kwa maelfu ya shilingi na kiasi kwa maelfu ya mifuko. Bila biashara bei ni 30. Dunia inauza kwa 20: tunanunua 80, tunazalisha 40, tunaagiza 40. Weka ushuru wa asilimia 25, kwa hiyo bei ya ndani ni 25: tunanunua 70, tunazalisha 50, tunaagiza 20. Walaji wamepoteza 5 mara wastani wa 80 na 70, yaani 375. Wazalishaji wamepata 5 mara wastani wa 40 na 50, yaani 225. Serikali imekusanya 5 mara 20, yaani 100. Kinachobaki ni 50 ambazo hakuna aliyezipata. Hakiki kwa pembetatu mbili: nusu mara 5 mara 10, mara mbili, ni 50. Na kwa kuwa maelfu mara maelfu ni mamilioni, jibu ni shilingi milioni 50.

Makosa ya hapa ni yaleyale kila mwaka. Mwanafunzi anazidisha ushuru na 40 za zamani na kupata mapato ya 200. Au anampa mzalishaji mstatili wa 5 mara 50, akisahau kwamba mifuko 10 ya mwisho imezalishwa kwa gharama inayopanda. Au anaandika kwamba Tanzania si "nchi ndogo" kwa kuwa ina eneo kubwa. Ndogo hapa maana yake ununuzi wetu hausogezi bei ya dunia, basi. Ukiambiwa nchi ni kubwa, muuzaji wa nje anashusha bei. Tuseme ushuru ni 5 kwa mfuko naye anashuka hadi 18, bei ya ndani iwe 23: uagizaji ni 28, hasara ya pembetatu ni 18 tu, na tunapata 2 mara 28, yaani 56, kutoka mfukoni kwa mgeni. Nchi imebaki na 38 za faida, mradi mwenzake asilipize.

Na kwa kuwa makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki yako Arusha, msisubiri kushangaa umoja wa forodha ukiulizwa. Ulianza kutumika mwaka 2005. Ushuru wa pamoja kwa bidhaa za nje una ngazi za 0, 10 na 25, na tangu Julai 2022 ngazi ya nne ya asilimia 35, mbali na bidhaa nyeti zenye viwango vyake. Hesabu ya kujua ni hii: bidhaa inagharimu 100 nje ya Jumuiya, 120 Kenya. Ushuru wa asilimia 25 ukitozwa kwa wote, ya nje inafika kwa 125 na ya Kenya kwa 150, tunanunua ya nje na Hazina inapata 25. Tukiiondolea Kenya ushuru, yake ni 120, tunahamia kwake. Mlaji ameokoa 5, Hazina imepoteza 25. Kwa kila kimoja tulichokuwa tukiagiza, nchi imepoteza 20. Biashara imehamishwa. Lakini kama hapo awali kilikuwa kinatengenezwa humu kwa 124, basi ya Kenya ya 120 imefunga uzalishaji wa gharama kubwa na Hazina haikuwa na cha kupoteza. Biashara imezaliwa. Umoja uleule unaweza kufanya yote mawili kwa bidhaa tofauti, na anayeandika kwamba umoja wa forodha ni mzuri tu au mbaya tu amekosa swali.

Tuje kwenye alama zako. 11 kati ya 30 kwa uzito wa 15 ni 5.5. Zimebaki 25 za kosiweki na 60 za mtihani, jumla 85. Kama kufaulu chuoni kwenu ni 40, unahitaji 34.5 katika hizo 85, karibu asilimia 41. Ukipata 18 katika hizo 25 za kosiweki na 36 mtihani, unamaliza na 59.5. Kozi haijaharibika. Soma kanuni kama zinadai kiwango cha chini cha kosiweki kabla ya kuruhusiwa mtihani, hilo ndilo linaloweza kukukwamisha. Kufuta kozi kunakuhamishia mzigo mwaka ujao, na kama ni ya lazima itakugongana na nyingine kwenye ratiba. Ningelifikiria tu kama una kozi nyingine mbili zinazokwenda vibaya pamoja na hii. Kurudia hesabu nzima sikushauri. Jipime hivi: tatua ile milinganyo miwili ya kahawa bila kuangalia. Ikikushinda, tafuta mtu akukalishe chini siku mbili kwa milinganyo na mteremko, kisha urudi huku.

Namna ya kusoma inabadilika hivi. Desa likufikishe kwenye swali, kisha lifunge. Kwa kila modeli jiulize bei ya uwiano kabla ya biashara inatokana na nini (ufanisi kwa Ricardo, wingi wa ardhi na kazi kwa Heckscher na Ohlin), biashara inaisogeza upande gani, na nani ndani ya nchi anapata au anapoteza. Kisha badilisha namba moja na ufanye upya mpaka jibu ligeuke, kama tulivyofanya na mshahara. Pasipepa zifanye kwa saa, ukiwa umekaa mezani. Kuziangalia pamoja na majibu hakukufundishi, kunakufanya uzoee sura zake. Kundi la watu watatu linatosha. Mmoja aeleze kwa Kiswahili bila karatasi, wengine wakimkatiza kwa "kwa nini?", halafu ndipo kila mtu aandike jibu kwa Kiingereza cha mtihani.

Na kuna mambo ya kwenda kwa mtu ana kwa ana. Karatasi ya jaribio ipeleke kwa mwalimu wa kozi au msaidizi wake wiki hii, na usiende na "sielewi". Nenda na swali moja uliloandika upya, umwoneshe mstari ulipokwama. Mimi sijaiona karatasi yako, yeye ameisahihisha. Ukifikiria kufuta au kuahirisha, muone mkuu wa idara na ofisa mikopo *kabla* hujasaini fomu, kwa sababu linaweza kugusa mkopo wako wa Bodi. Na kama kilichokushusha mwezi ule ni usingizi, njaa bumu likichelewa, au msiba nyumbani, ofisi ya mshauri wa wanafunzi ipo kwa hayo, na kanuni nyingi zinataka taarifa mapema.

Zoezi la kuanzia leo. Tumia mikunjo ileile, 120 – 2P na 2P, lakini sasa ni mahindi, na bei ya nje ni 40. Tafuta tunauza nje kiasi gani. Kisha serikali inazuia kuuza nje, kama ilivyofanya mwaka 2017. Bei inarudi 30. Mkulima anapoteza kiasi gani, mlaji anapata kiasi gani, na nchi inabaki na hasara gani? Ukipata 700, 500 na 200, uko sawa. Ukipata hasara ya 400, umechukua mstatili wote wa 10 mara 40 na kusahau nusu. Ukipata faida, umebadilishana mkulima na mlaji, rudi uweke majina kwenye kichoro.